UCHAMBUZI: Pampu ya moyo si upasuaji tu, mgonjwa wa Mutuini atahitaji umeme na maabara

UMEME ulipopotea karibu kote nchini usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, malalamishi ya Wakenya yalikuwa yale ya kawaida. Simu ziliishiwa na chaji, nyama ikaharibika katika majokofu, nao wenye vinyozi na mikahawa wakafunga biashara mapema. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulisalia gizani kwa saa kadhaa baada ya jenereta kukosa kuwaka. Kwingineko taa zilirejea siku iliyofuata. Kadhia hiyo ilijirudia Novemba na Desemba mwaka huo, kisha Mei na Septemba 2024.

Duniani wapo watu ambao giza la namna hiyo huwafanya wahesabu saa walizobaki nazo. Hawa ni wagonjwa ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu, wakapandikiziwa pampu ndogo kifuani inayoifanya kazi hiyo kwa niaba ya moyo. Pampu hiyo huendeshwa kwa betri. Betri zikiisha na umeme wa kuzichaji usiwepo, pampu husimama, na mwenyewe huenda asidumu baada yake.

Suala hili laweza kuonekana geni kwa mkazi wa Mutuini, huko Dagoretti Kusini, ambaye shida yake ya leo ni nauli ya kwenda mjini na karo ya mtoto. Hata hivyo, familia nyingi za Nairobi zina jamaa wanaoishi ng'ambo, na mgonjwa anapoelezwa kwamba dawa zimefika kikomo, swali linalotumwa kwa simu usiku huo huo ni iwapo hakuna mashine. Jibu ni kwamba mashine ipo. Hapo kundi la WhatsApp hufunguliwa, harambee huitishwa, nayo India hutajwa kabla ya mtu yeyote kuuliza maisha ya mgonjwa yatakuwaje atakaporudi.

Mwandishi huyu anaonelea kwamba kumpata daktari wa kuipandikiza pampu hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya jambo lenyewe. Sehemu nzito huanza siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Kwa mkazi wa Mutuini, nyumbani ni mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, ambulansi hukawia, na bodaboda ndiyo humfikisha mgonjwa hospitalini usiku.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Moyo una vyumba vinne. Kile cha chini upande wa kushoto ndicho chenye kazi nzito kuliko vyote, kwani husukuma damu kuanzia utosini hadi nyayoni. Msuli wake ukilegea, iwe ni kwa sababu ya shinikizo la damu la miaka mingi, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, maambukizi, au udhaifu wa moyo unaowapata baadhi ya akina mama karibu na kujifungua, damu hurudi nyuma. Maji hujaa mapafuni na miguu huvimba. Mgonjwa hushindwa kulala chali, akakesha ameketi, ameegemea mito. Ngazi za ghorofa moja humshinda. Dawa huwasaidia wengi, tena za sasa ni bora kuliko zile za miaka 20 iliyopita. Wapo wachache, hata hivyo, ambao moyo wao huendelea kudhoofika licha ya dawa zote.

Kwa hao, madaktari wapasuaji huishonea pampu kwenye ncha ya chumba hicho cha kushoto. Pampu huivuta damu na kuipitisha kwenye mrija hadi katika aota, mshipa mkuu wa damu. Ndani yake mna gurudumu dogo linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Waya mmoja hupita chini ya ngozi na kutokea tumboni, ukaungana na kidhibiti kinachovaliwa kiunoni pamoja na betri mbili zinazobebwa katika mkoba au kwenye mikanda ya mabegani. Anapolala, mgonjwa hujiunganisha na umeme wa nyumba.

Safari ya kufikia kifaa hicho ilikuwa ndefu. Mnamo 1966 daktari Michael DeBakey, katika jiji la Houston nchini Marekani, alimsaidia mgonjwa mmoja kwa pampu kwa muda wa siku 10 hadi moyo wake ukapata nguvu. Mwaka uliofuata, Christiaan Barnard alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu mwingine jijini Cape Town, na kwa muda dunia ikadhani kwamba njia imepatikana. Lakini mioyo ya kupandikiza haitoshi popote duniani. Ndipo pampu, ambayo ilikusudiwa kumshikilia mgonjwa hadi apate moyo, ikaanza kufikiriwa kuwa tiba ya kudumu.

Mtu aliyeionyesha dunia kwamba hilo linawezekana ni Mwingereza kwa jina Peter Houghton. Alikuwa mahututi, moyo wake umeharibika kabisa, daktari Stephen Westaby alipompandikizia pampu jijini Oxford mnamo Juni 2000. Waya wake ulitokea nyuma ya sikio, ukiwa umefungwa kwenye fuvu la kichwa. Houghton aliishi miaka saba na zaidi, akasafiri, akaandika na kutembea masafa marefu kuchangisha pesa, hadi alipofariki Novemba 2007. Pampu yake ilisukuma damu mfululizo kama mto, bila kudunda. Ungemshika mkono kutafuta mpigo wa mshipa, huenda usingeupata.

Houghton alibahatika kuliko wengi. Utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 2001, ukihusisha wagonjwa 129 waliokuwa hali mahututi na ambao hawangeweza kupandikizwa moyo, ulionyesha kwamba asilimia 52 ya waliowekewa pampu ya enzi hizo walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliotegemea dawa pekee. Baada ya miaka miwili walisalia asilimia 23 dhidi ya asilimia 8. Pampu za sasa ni afadhali mno. Matokeo yaliyochapishwa 2022 kuhusu pampu aina ya HeartMate 3 yalionyesha kuwa takriban asilimia 58 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa mtu aliyekuwa amehesabiwa miezi, hiyo ni zawadi kubwa. Makamu wa rais wa zamani wa Marekani, Dick Cheney, aliwekewa pampu ya kizazi cha kabla ya hiyo Julai 2010, akaishi nayo hadi alipopandikizwa moyo Machi 2012.

Hao wote, msomaji, waliishi katika nchi ambazo nyuma ya kila pampu kuna umati usioonekana: muuguzi anayepokea simu saa nane za usiku, maabara iliyo karibu na kampuni ya umeme inayojua ni nyumba gani ina mgonjwa. Tuuondoe umati huo, kisha tumrudishe mgonjwa wetu Mutuini.

Asubuhi yake ya kwanza itaanza kwa betri. Jozi moja ya betri za pampu za sasa, zikiwa mpya na zimejaa, yaweza kudumu hadi saa 17, na wagonjwa hupewa zaidi ya jozi moja. Pampu yenyewe hula umeme kidogo kuliko balbu ya kawaida. Kwa hivyo giza la saa tatu au nne, lile tulilolizoea, halitamuua. Linalotisha ni giza la siku nzima baada ya usiku ambao tokeni ziliisha na hakuna aliyegundua, au transfoma ya mtaa iliyoungua Ijumaa ambayo mafundi wataitazama Jumatatu. Paneli ndogo ya sola na betri ya akiba vingeweza kumwokoa, ila lazima mtu ahakikishe mfumo huo unafaa kuchaji kifaa hicho, kwa kuwa watengenezaji huwataka wagonjwa watumie chaja zao na soketi iliyotiwa waya wa ardhini. Katika nyumba nyingi za kupangisha, waya huo ni hadithi. Soketi moja hugawanywa kwa kebo ya kuungia redio, simu, pasi na birika.

Kisha kuna kuoga. Pale waya unapotokea tumboni ni jeraha ambalo halifungi kabisa, na viini vikipenya hapo vyaweza kuifuata njia hiyo hadi kwenye pampu. Mgonjwa hafai kuogelea wala kujitumbukiza majini, na hata kuoga kwa bomba la mvua huruhusiwa baada ya muda na kwa mfuko maalumu wa kukinga vifaa. Bendeji hubadilishwa kwa mikono safi na vifaa visivyo na viini. Wakazi wa mitaa ambayo mifereji hukauka kwa siku kadhaa, maji yakauzwa kwa mitungi, wanaelewa gharama ya sharti hilo. Kwa kawaida mgonjwa hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Mke, dada au binti ndiye atakayejifunza kuifunga bendeji, kubadilisha betri moja baada ya nyingine pasipo kuzitoa zote mbili kwa pamoja, na kuielewa milio ya king'ora cha kidhibiti. Hesabu za hospitali hazimtaji mtu huyu, wala mshahara anaoukosa kwa kukaa nyumbani.

Nje ya nyumba kuna matatu. Mgonjwa anayebanwa katika kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu, lazima aulinde waya wake usivutwe na mzigo wa jirani. Isitoshe, mkoba wa begani jijini Nairobi humvutia mwizi, ambaye hudhani mna tarakilishi ndogo. Mnyakuzi atakayeuvuta mkoba huo katika msongamano wa Kawangware au River Road hatajua kwamba amekimbia na betri zinazousaidia moyo wa mtu kusukuma damu. Wengine watacheka wakisoma hapa. Aliyewahi kunyang'anywa simu kupitia dirisha la matatu hatacheka.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni mboga. Damu inayopita katika chuma hupenda kuganda, na donge likitoka kwenye pampu laweza kufika ubongoni na kusababisha kiharusi. Ndiyo sababu mgonjwa hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote akiwa na pampu. Dawa hiyo ina tabia ya ukaidi. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mtu huvuja damu puani, tumboni au kichwani. Tena nguvu zake hupunguzwa na vitamini K, ambayo imejaa katika sukuma wiki, managu na terere, yaani chakula cha kila siku cha Mutuini. Mgonjwa hakatazwi sukuma. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki baada ya wiki. Aliyezoea mboga kila jioni, kisha akaenda mashambani kwa matanga ya siku tano ambako ni wali na nyama tu, damu yake yaweza kuwa nyepesi kupita kiasi hali dawa hajaigusa. Vivyo hivyo kwa baadhi ya viuavijasumu vinavyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari, na dawa za kienyeji ambazo hakuna ajuaye zilichanganywa na nini.

Njia ya pekee ya kujua ni kupima. Kipimo hicho, ambacho madaktari hukiita INR, hutumia damu kidogo, na kwa wagonjwa wengi wa pampu hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mwanzoni hufanywa mara kadhaa kwa wiki, baadaye kila wiki au baada ya wiki chache. Kikipatikana bila kukosa katika Hospitali ya Mutuini, ambayo ni ya umma, mgonjwa atakwenda kwa miguu na kurudi. Kisipopatikana, itambidi apande matatu hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, apange foleni, kisha arudi tena kuchukua majibu, au alipie maabara ya kibinafsi. Mwezi wa kwanza atafanya hivyo kwa uaminifu. Mwezi wa sita, nauli ikigombana na unga, unga utashinda.

Tusisahau migomo. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56 mnamo 2024, kuanzia Machi hadi Mei, wakidai Serikali itekeleze mkataba waliotia saini. Madai yao yalikuwa na msingi. Hata hivyo, warfarini haingoji mazungumzo yaishe, na mtu ambaye damu yake haijapimwa kwa majuma manane hajui kama anaelekea kwenye kiharusi au kwenye kuvuja damu.

Kisha kuna tatizo la mpigo wa mshipa. Pampu nyingi za kisasa, mithili ya ile ya Houghton, husukuma damu kwa mfululizo, hivyo kwamba mishipa ya mgonjwa huenda isidunde vya kutosha kuhisiwa kwa kidole. Mashine ya kawaida ya kupima shinikizo la damu yaweza kukosa kusoma chochote. Tuseme mtu huyo amezirai kituoni Dagoretti Corner kwa sababu ya kukosa maji mwilini tu. Msamaria mwema atamshika kifundo cha mkono na kutangaza kwamba amekata roho. Mwenye bodaboda atamfikisha hospitalini, na karani wa zamu ambaye hajawahi kuiona pampu hiyo atatangaza lilo hilo. Ilhali mtu yu hai, na sikio likiwekwa kifuani lingesikia mvumo wa pampu ikizunguka. Ughaibuni wagonjwa hubeba kadi na kuvaa bangili za kuwaelekeza waokoaji, nao waokoaji hufunzwa. Kwetu itabidi mafunzo hayo yamfikie hadi mlinzi wa lango.

Msomaji atauliza gharama. Kifaa pekee huuzwa makumi ya maelfu ya dola katika mataifa tajiri, na upasuaji ukiongezwa hesabu hupita dola 100,000 kwa urahisi. Tukichukua hizo dola 100,000 kama kipimo, ni takriban Sh13 milioni kwa viwango vya sasa vya ubadilishaji. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF, hutoza asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kwa hiyo mgonjwa mmoja wa pampu angemeza michango ya mwaka mzima ya watu 3,600 hivi wanaolipa kiwango hicho cha chini. Hapo hatujahesabu warfarini, betri za kubadilisha, wala vifaa vya bendeji.

Mashaka mengine hayatoki kwetu. Mnamo Juni 2021 kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake aina ya HVAD baada ya kubainika kuwa ilihusishwa na visa vingi zaidi vya kiharusi na vifo, na kwamba nyingine zilikataa kuwaka upya zikizimwa. Maelfu ya watu walikuwa tayari nayo vifuani, na kuitoa kulikuwa na hatari kuliko kuiacha. Wao walisalia wakiitegemea kampuni iendelee kuwapa vipuri. Soko likabaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa kampuni nyingine moja ya Marekani, Abbott. Mgonjwa wa Nairobi ambaye kidhibiti chake kimeharibika angemlilia wakala gani, na kipuri kingekaa siku ngapi bandarini kikingoja stakabadhi?

Kenya ina sababu ya kuwa na hadhari na mashine. Mnamo 2015 Serikali ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti, uliogharimu Sh38 bilioni awali. Mashine za kusafisha figo, za eksirei na za wagonjwa mahututi zilisambazwa kote nchini. Kaunti, ambazo zilianza kwa kukatwa Sh95 milioni kila mwaka, ziliishia kukatwa Sh200 milioni. Kamati ya Seneti ilipouchunguza mpango huo na kutoa ripoti 2020, iliukashifu vikali kwa usiri na ubadhirifu. Katika baadhi ya hospitali vifaa vilikuwa vimefunikwa kwa karatasi za plastiki kwa kukosa mtaalamu, maji au umeme wa kutosha. Ni kweli kwamba kwingine vilileta nafuu, na mgonjwa wa figo aliyekuwa akisafiri kutoka kaunti ya mbali hadi Nairobi mara mbili kwa wiki hataki kusikia kwamba mpango wote ulikuwa hasara. Ila funzo li wazi kwa yeyote aliyeingia katika chumba kimojawapo cha vile vilivyofungwa.

Wapo watakaodai kwamba hoja hizi ni za kumnyima maskini tiba. La hasha. Afrika si ngeni kwa upasuaji wa moyo. Afrika Kusini imewahi kupandikiza pampu hizi katika hospitali za kibinafsi. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilipeleka wagonjwa wake India, ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam tangu 2015, na Uganda ina taasisi yake katika Mulago. Hapa Nairobi mioyo hufunguliwa na vali kubadilishwa katika hospitali za umma na za kibinafsi. Siku itafika ambapo mpasuaji Mkenya ataishona pampu hiyo kifuani mwa mtu, na picha itachapishwa katika ukurasa wa kwanza.

Swali ni nani atakayefaidika kabla ya siku hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2012, uliowafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulipata kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Katika mataifa ya Magharibi wagonjwa wa aina hiyo huwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Huyu wetu bado analipa karo. Kisababishi kikuu, kwa asilimia 45 hivi, kilikuwa shinikizo la damu, na homa ya baridi yabisi ikafuatia miongoni mwa visababishi vikubwa. Mishipa ya moyo iliyoziba, ambayo ndiyo tatizo kuu Ulaya, haikufika asilimia 8. Kufikia miezi sita, karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa ameaga dunia.

Tazama pia walio hai sasa. Wakenya wenye vali za chuma, wengi wao vijana walioharibiwa mioyo na homa ya utotoni, tayari wanameza warfarini kila jioni. Wao pia huhitaji INR, hugombana na sukuma wiki, na huogopa migomo. Walichangiwa pesa za upasuaji katika harambee zilizojaa vigelegele, kisha wakaachwa wajitafutie nauli ya maabara. Hospitali za kiwango cha Mutuini zikiweza kuwapima bila kukosa, zitakuwa zimejiandaa kwa mgonjwa wa pampu bila kulitaja jina la pampu. Zikishindwa na hao, hakuna haja ya kumdanganya mwingine.

Liko jambo la mwisho, ambalo halizungumzwi katika harambee. Pampu haijui kwamba mwenyewe anakufa. Kiharusi kikiuharibu ubongo, au saratani ikiingia, gurudumu litaendelea kuzunguka hadi mtu alizime. Katika nchi zilizozoea tiba hii, mgonjwa huulizwa mapema, kabla ya kupandishwa kitanda cha upasuaji, ni hali gani ambayo hangetaka kuendelea kuishi nayo na ni nani atakayesema kwa niaba yake. Kwetu uamuzi kama huo huangukia kikao cha wazee, mke upande mmoja na ndugu za mume upande wa pili, bili ikiongezeka kila siku, na mchungaji akiombwa atoe kauli ambayo hakuna anayetaka kuitoa. Anayelizima ataitwa muuaji matangani. Madaktari watakaoleta pampu hizi wasiliache swali hilo hadi usiku wa mwisho, kwani mgonjwa mwenyewe, akiwa bado na pumzi ya kusema, ndiye mwenye haki ya kulijibu.

Serikali ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba ya vifaa mnamo Septemba 2023, mlikuwa na mashine ya kupima shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Leo mhudumu aweza kubisha mlango Mutuini, akaufunga mkanda kwenye mkono wa fundi wa miaka 45 asiyehisi maumivu yoyote, na kusoma 180 kwa 110. Atamwandikia karatasi aende hospitalini. Itakayoamua iwapo fundi huyo atakuja kuitisha pampu akiwa na miaka 55 ni tembe za shilingi chache kwa siku, na kama atazipata dirishani au ataambiwa akanunue nje.